Kumchagua Msimamizi wa Utafiti Ukiwa Mwanafunzi wa Udaktari

Mwanafunzi wa udaktari anayetafuta msimamizi wa utafiti wake wa kwanza kwa kawaida huanza na jina kubwa: profesa mwenye makala nyingi, au mkuu wa idara ambaye barua yake ya mapendekezo itasomwa kwa heshima. Silaumu mvuto huo. Hata hivyo, baada ya kufanya kazi chini ya wasimamizi wa tabia mbalimbali, naamini kwamba swali linalopaswa kutangulia ni hili: wanafunzi waliopita mikononi mwake waliishia wapi?

Sehemu ya jibu hupatikana bila kumsumbua mtu. Tafuta jina lake katika PubMed, kanzidata ya makala za tiba ambayo hailipishwi, na usiishie kwenye vichwa vya makala. Soma orodha za waandishi. Katika tafiti za tiba, anayetajwa kwanza mara nyingi ndiye aliyeibeba kazi, na anayetajwa mwisho huwa ndiye aliyeisimamia. Ikiwa jina lake linakaa mwisho mara kwa mara, huku nafasi ya kwanza ikishikwa na watu wanaobadilika, na baadhi yao walikuwa wanafunzi au madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa, hiyo ni dalili njema. Ikiwa yeye ndiye wa kwanza kila mahali, huenda ni mtafiti hodari ambaye hajazoea kumwachia mwingine kazi.

Kasoro ya njia hiyo ni kwamba kanzidata haionyeshi tafiti zilizokwama. Habari za hizo wanazo wanafunzi waliotangulia, nao hawataeleza lolote la maana ukiwauliza kama mwalimu fulani ni mtu mzuri, kwa kuwa watajibu ndiyo, na adabu inawataka wajibu hivyo. Uliza mambo yanayopimika: rasimu hukaa kwake kwa muda gani kabla ya kurudi, mnakutana kwa ratiba au mpaka umvizie baada ya kupita wodini, ni nani aliyeanza kazi naye akaiacha, na kwa sababu gani. Mmoja wa wasimamizi wangu, bingwa anayeheshimika, alikuwa akikaa na rasimu kwa miezi, kisha akairudisha ikiwa na maneno machache pembeni. Mwingine, mhadhiri kijana asiyejulikana sana, alikaa nami mbele ya kompyuta tukasafisha data safu kwa safu, akinieleza kwa nini umri ulioandikwa vibaya katika jalada moja haufutwi kimyakimya. Karibu kila ninachokijua kuhusu utafiti nilikipata kwake. Ndiyo maana huwashauri wadogo zangu, inapowezekana, wawe na wote wawili: mkubwa wa kufungua milango na kijana wa kukaa naye mezani.

Jambo la pili ni muda, nalo huharibu tafiti nyingi kuliko ugumu wa mada. Utafiti unaofuatilia wagonjwa kwenda mbele unaweza kudumu kuliko miaka iliyokubakia chuoni. Upitiaji wa majalada ya zamani huonekana mwepesi, lakini nao kwa kawaida hupelekwa kwa kamati ya maadili kabla hujafungua jalada hata moja. Mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kuchambua kwa utaratibu makala zilizokwisha kuandikwa kuhusu swali moja, hayahitaji mgonjwa, lakini yanahitaji angalau watu wawili wanaochuja makala kila mmoja kivyake, na huchosha kuliko inavyosemwa. Kwa hiyo muulize msimamizi waziwazi kama kibali kimeshatoka, kama data ipo tayari, na kama kuna mtakwimu atakayesaidia. Mada yenyewe, kwa maoni yangu, si ya kuhangaikia sana katika utafiti wa kwanza; mbinu utakazojifunza katika magonjwa ya figo utazitumia hata ukiishia kwenye upasuaji.

Suala la nani atatajwa kuwa mwandishi wa makala nalo lizungumzwe mapema, ingawa wengi wetu huliona kuwa ni utovu wa adabu. Majarida mengi ya tiba hufuata vigezo vinne vya kamati ya wahariri ijulikanayo kama ICMJE: mwandishi awe amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, kukusanya data au kuichambua; awe ameandika au kuhariri maudhui; awe ameidhinisha toleo la mwisho; na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Anayekusanya data tu hatimizi vyote, basi omba kuandika walau sehemu ya mbinu na matokeo. Swali la heshima linatosha: “Profesa, nikifanya kazi hizi, nitakuwa katika nafasi gani kwenye makala?”

Kabla ya kujifunga kwa mwaka mzima, omba kazi ndogo yenye mwisho unaoonekana, kama ripoti ya kisa kimoja au muhtasari wa utafiti wa kuwasilishwa kwenye mkutano wa kitaaluma. Mtumie rasimu, kisha tazama inarudi lini na imesomwa kwa kina gani. Isiporudi hata baada ya kumkumbusha kwa upole, mshukuru na uende kwa anayefuata katika orodha yako.