Binti wa miaka 13 anahamia Ufaransa, ushungi wake shuleni itakuwaje?

SWALI: Wakili habari za kazi, niko Lindi. Mdogo wangu anamfuata mumewe Lyon, Ufaransa, anaenda na binti yao wa miaka 13 ambaye hatoki nje bila ushungi. Watu wanatwambia kule Uislamu ni marufuku. Mbona serikali yao haina dini kama yetu tu?

JIBU: Nzuri dada yangu. Uislamu sio marufuku Ufaransa, misikiti ipo na watu wanaswali Ijumaa kama kawaida, ila kwa shule ya serikali hapo hawajakudanganya, na nakuomba sana mtoto alijue hilo akiwa bado Lindi, asije akaambiwa getini mbele ya wenzake siku ya kwanza.

Hilo neno "isiyokuwa na dini" ndo linachanganya wengi. Katiba yetu ibara ya 3 inalo, lakini kwetu maana yake serikali haiegemei upande, shehe mwenye leseni anafungisha ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 na inatambulika, na hapa Mtwara mtoto anavaa ushungi mweupe na yunifomu yake anaingia darasani hakuna anayeuliza. Wenzetu walitoka kwenye ugomvi mrefu na Kanisa Katoliki, wakatunga sheria ya 1905 kutenganisha dini na dola, kwa hiyo kwao dini inakaa nje ya kazi za serikali kabisa, hata ndoa ya msikitini haihesabiki mpaka mfunge kwa meya kwanza.

Sasa shule. Sheria ya 2004 inakataza mwanafunzi wa shule ya serikali, msingi mpaka sekondari, kuvaa kitu kinachoonyesha dini waziwazi, ushungi umo, kofia ya Kiyahudi imo na msalaba mkubwa umo, na 2023 wakaongeza abaya. Mi naona inawaelemea mabinti wetu kuliko wengine wote na sioni haja ya kulificha hilo, ila ndo sheria na mtoto anatakiwa kusoma. Kwa vitendo anafika getini, anavua, anakunja anaweka kwenye begi, jioni akitoka anavaa tena. Akikataa, sheria yenyewe inawataka wakae naye waongee kwanza kabla ya adhabu yoyote, kwa hiyo wazazi wakiitwa waende, wasisuse. Shule binafsi hazibanwi na sheria hiyo, baadhi zinaruhusu, waulize mapema. Akifika chuo kikuu anavaa tu.

Mama yake ni habari nyingine. Barabarani, sokoni, kwenye basi anavaa mtandio wake hana shida, kinachokatazwa tangu 2010 ni kufunika uso, faini mpaka euro 150. Akipata ajira ya serikali, hata unesi wa hospitali ya umma, kazini atavua. Picha ya kibali cha kuishi nayo inapigwa kichwa wazi, wasije wakatuma za ushungi zikarudishwa.

Na huyo mama akimsindikiza bintiye asubuhi, asimame pale getini na mtandio wake kichwani, hakuna sheria inayomzuia, amshikie mtoto begi wakati anavua.