Kizibo chekundu cha kwetu si cha kwao

Siku yangu ya pili katika wodi ya hospitali moja ya Ujerumani nilimtoa damu bibi mmoja wa miaka themanini na kitu. Nilitakiwa kupeleka kipimo cha figo, nikajaza tyubu ya kizibo chekundu, nikabandika jina, nikaituma maabara na kujipongeza kimoyomoyo kwamba nimeupata mshipa mara ya kwanza. Haikupita nusu saa simu ya wodi ikalia. Maabara walitaka kujua ni nani aliyeweka damu ya figo kwenye tyubu ambayo dawa yake ina potasiamu, kitu kilekile wanachokipima.

Kwetu Tanzania kizibo chekundu ni tyubu kavu: damu inaganda, unapata siramu, yaani majimaji yanayobaki juu. FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, inakwenda kwenye zambarau, hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua hilo usingizini. Pale nilipokuwa, nyekundu ndiyo ya FBP, kahawia ndiyo ya siramu, na kijani ni ya vipimo vya kuganda kwa damu. Ikabidi nirudi kwa bibi kumchoma tena. Alinyoosha mkono mwenyewe kabla sijamaliza kuomba radhi.

Naanza na hilo kwa sababu wadogo zangu wa udaktari mnaojiandaa kwa elektivu, yaani mafunzo ya wiki chache katika hospitali mnayoichagua wenyewe, huwa mnaniuliza kuhusu baridi na nauli. Kilichonisumbua mimi ni aibu ya kuuliza. Asubuhi ile niliziona rangi, nikashtuka kidogo, na muuguzi alikuwa hatua mbili tu kutoka niliposimama. Nikanyamaza nisionekane mshamba.

Nilikuwa Würzburg, kusini mwa Ujerumani, wiki sita za Agosti na Septemba, nikitokea Mwanza. Miji hii miwili ina udugu tangu 1966, hivyo usishangae ukitaja Mwanza na mtu akakuuliza habari za ziwa.

Makaratasi nitayapitia haraka. Anza miezi minne kabla. Bima ya safari kwa viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Na tafuta kadi yako ya kliniki ya utotoni, sitanii. Tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inawataka wanaofanya kazi hospitalini waoneshe ushahidi wa kinga ya surua. Mama yangu aliikuta yangu chini ya sanduku la vitenge, imeliwa na mende pembeni, lakini mihuri ya chanjo inasomeka. Ukiikosa, utapimwa kinga kwenye damu. Homa ya ini B nayo wataiulizia.

Jambo jingine: usifike Jumamosi usiku kama mimi. Jumapili maduka yanafungwa, na mimi sikujua kwamba ya stesheni huwa wazi. Nilishinda na karanga na maji ya bomba.

Sasa siku yenyewe. Kikao cha asubuhi kilikuwa saa moja na nusu, na hapo kuna mtego. Niliambiwa "halb acht". Acht ni nane, yaani saa mbili yetu, halb ni nusu, nikahesabu saa mbili na nusu. Kumbe Mjerumani anahesabu nusu ya kuelekea saa ile, si ya kuipita: halb acht ni saa moja na nusu. Nilifika saa mbili na robo nikijiona nimewahi, nikakuta watu wanatoka. Tangu siku hiyo nikipewa muda naomba uandikwe kwa tarakimu.

Baada ya kikao, wanafunzi wanatoa damu wodi nzima, na wewe omba hiyo kazi usisubiri upewe. Vifaa vyenyewe ni vigeni: tyubu yao ina mpini kama wa sirinji, unavuta mwenyewe polepole, ikijaa unauvunja mpini na kuutupa. Mishipa ya wazee inateleza kama kambare. Mara mbili ukikosa, mwite mwenzako, hakuna atakayekucheka. Ila usiguse mgonjwa kabla ya kusugua dawa ya mikono sekunde 30 kamili. Wauguzi wanakuangalia, na siku ya kwanza walinirudisha mlangoni.

Kisha raundi, madaktari wakipita kitanda kwa kitanda. Kwetu mwanafunzi anasimama nyuma kwa adabu, anasema akiulizwa. Mimi nilifanya hivyo wiki nzima, mpaka daktari mmoja kijana akaniuliza kwa upole kama wodi ile hainipendezi. Ukimya wangu wa heshima kwake ulikuwa uvivu. Kuanzia hapo nikajiwekea swali moja kwa kila raundi, hata la kijinga. La kijinga kuliko yote: nilisikia mgonjwa anapelekwa "Röntgen", nikauliza huyo daktari yuko ghorofa ya ngapi. Ni eksirei. Wanaiita kwa jina la mgunduzi wake, na aliigundua mwaka 1895 katika mji huohuo, kwenye jengo nililokuwa nalipita kila jioni. Walicheka wodi nzima, nami nikacheka, na baada ya hapo nilizoeleka.

Lugha? Madaktari watakusaidia kwa Kiingereza, lakini wagonjwa na wauguzi wengi hawatakusaidia. Usipoteze muda kwa sarufi ya vitabuni. Jifunze kuuliza panauma wapi, kusema vuta pumzi, nitakuchoma kidogo, samahani. Mengine nilifundishwa na yule bibi wa tyubu nyekundu. Kwetu jioni geti la hospitali limejaa ndugu na hotipoti za uji. Yeye binti yake alikuwa mji mwingine, na chakula kililetwa na wodi kwenye sinia lenye mfuniko. Nikawa napita kwake baada ya kazi. Wazee wana muda, wanaongea taratibu, na ukikosea wanakusahihisha bila huruma. Dakika kumi kwake zilizidi somo zima la darasani. Alitaka sana kujua nani ananipikia, na jibu langu halikumridhisha hata siku moja.

Nilirudi Mwanza mwisho wa Septemba. Wiki ya kwanza wodini, mtoto ana homa, FBP inahitajika haraka. Nikafunga mpira mkononi, mshipa huu hapa, nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka: "Sista, nipe nyekundu."

Kimya. Kisha nikasikia, "Dokta, kwani umetoka wapi wewe? Shika zambarau."