Foleni ya printa inayosimama kila umeme ukikatika
Ndugu, umeuliza kwa nini printa ya masijala, hapo ofisini kwenu Mtumba, haichapi kazi zinazotoka kwenye seva ya Unix kila umeme unapokatika na kurudi, ilhali kompyuta za mezani zinaichapishia bila shida. Printa yenyewe ni nzima. Kilichosimama ni foleni iliyo ndani ya seva, kwa kuwa CUPS, yaani programu ya seva inayosimamia uchapishaji, ikishindwa kuifikia printa hata kwa kazi moja, mara nyingi husimamisha foleni nzima na kumsubiri msimamizi aifungue. Kwenye seva, andika amri ya lpstat -p, inayoonesha hali ya foleni; ukiona neno disabled (imesimamishwa), ifungue kwa amri ya cupsenable ikifuatiwa na jina la foleni, kisha uandike lpadmin -p jina -o printer-error-policy=retry-job, ukiweka jina la foleni penye neno “jina”, ili seva iendelee kujaribu yenyewe. Kuzima na kuwasha seva, jambo ambalo mafundi wengi hulikimbilia, hakusaidii, maana hali hiyo huhifadhiwa. Iwapo karatasi bado haitoki, linganisha anwani ya mtandao ya printa inayooneshwa na lpstat -v na ile iliyo kwenye kioo cha printa, kwani printa inayopewa anwani na DHCP, yaani mfumo unaogawa anwani za mtandao wenyewe, huweza kuwaka ikiwa na nyingine. Hapo mwombe msimamizi wa mtandao aitengee anwani ya kudumu.