Dada wa Chamwino, usiwakwepe majirani

Dada yangu, pole sana. Umesema mahindi yamekauka shambani, mume amekwenda Dar kutafuta kibarua na simu yake haipatikani, majirani unawakwepa, na kuna usiku unatamani usiamke. Unauliza tumaini utalitoa wapi.

Hilo la usiku ndilo la haraka. Mwambie mtu unayemwamini leo hii, akusindikize zahanati. Wakikupa rufaa ya Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, nenda, na maneno ya mtaani kuhusu wanaotibiwa pale yaache hukohuko mtaani.

Sasa majirani. Huku Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, na ukiharibika hauharibiki kwako peke yako. Huyo unayemkwepa huenda naye yuko kwenye debe la mwisho. Mpigie hodi. Muombe mlenda mkavu wa mboga ya jioni, nawe mshikie mtoto siku akienda mnadani. Kuomba kitu kidogo si aibu, na anayeombwa hujiona bado ana cha kumpa mtu. (Wenye kutangaza shida za watu wapo pia. Hao waruke.)

Kama uko kwenye kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, usiache kwenda eti kwa kuwa huna hela ya hisa. Waeleze. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii kwa shida kama hizi, na ulichangia.

Shamba tutaliongea baadaye, ila msimu ujao tenga sehemu ya mtama au uwele. Vinavumilia ukame kuliko mahindi.