Mbao za mvule zinazovunja meno ya msumeno

Ndugu yangu wa Nachingwea, umeuliza kama umeuziwa mvule wa kweli, maana mbao za fremu ni za manjano na fundi kashaharibu msumeno mara mbili. Rangi isikutie hofu. Mvule ukipasuliwa leo huwa wa manjano, kisha hugeuka kahawia ukikaa kwenye mwanga. Randa kipande kidogo, kianike siku chache, ulinganishe.

Msumeno unaharibiwa na mawe. Mti huu hujaza chokaa ngumu kwenye nyufa na majeraha ya shina, na kwa nje huioni. Fundi akiona doa jeupe, gumu kama chaki iliyoganda, alichimbue kwa patasi kwanza. Avae barakoa pia. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua.

Kinachonitia wasiwasi ni ule ukanda mweupe wa pembeni. Mchwa hushindwa na kiini, lakini weupe huo wanautafuna, na kwa mchwa wa kwetu Lindi fremu haitadumu. Ukate wote, hata kama mbao ya inchi 6 itabaki 4. Kisha zipange kivulini, vijiti katikati, zikauke kabla ya kuunga.