Je, mwenye duka dogo la mtandaoni anufaike vipi na kongamano la usafirishaji?

Ndugu mleta uzi, umeuliza kama mtu anayetuma vifurushi mia kadhaa kwa mwezi ana sababu ya kulipia tiketi ya kongamano la usafirishaji na biashara ya mtandaoni, au kama mikutano hiyo ni ya wakubwa peke yao. Nimehudhuria makongamano manne ya aina hiyo, na katika mawili ya kwanza nilirudi na mfuko wa kalamu na vipeperushi tu. Kwa uzoefu wangu, faida ya siku hizo mbili au tatu huamuliwa kabla hujafunga safari, na kinachoiamua ni hesabu unazokwenda nazo.

Kosa langu la mara ya kwanza lilikuwa kwenda kusikiliza. Nilikaa katika ukumbi mkuu tangu asubuhi hadi jioni, nikaandika kila kilichosemwa kuhusu roboti za ghalani, droni na akili bandia, na niliporejea kazini sikuona hata jambo moja la kubadilisha, kwani duka langu lilikuwa na rafu kumi na mbili na wafungaji wawili. Baadaye ndipo nilipoelewa kuwa katika makongamano mengi nafasi ya kuzungumza ni sehemu ya kile alicholipia mdhamini. Sisemi kwamba wazungumzaji hao hudanganya, ila husimulia nusu ya habari: utaelezwa namna mfumo ulivyofanikiwa, lakini hutaambiwa ulichukua miezi mingapi kuunganishwa na ni maagizo mangapi yaliyopotea katikati.

Kabla hujalipa, hakikisha pia unajua unakwenda wapi, maana watu huchanganya kongamano na maonesho. Transport logistic ya Munich, inayofanyika kila baada ya miaka miwili, LogiMAT ya Stuttgart, au ProMat ya Chicago na MODEX ya Atlanta zinazopishana mwaka kwa mwaka, ni maonesho: kumbi kubwa mno ambamo unaona mitambo ikifanya kazi mbele ya macho yako. Anayetaka kununua mashine ya kupanga vifurushi au rafu za ghala atafaidika huko. Mwenye matatizo ya mikataba na wasafirishaji, kodi za forodha na mizigo inayorudishwa atafaidika zaidi katika vyumba vidogo vya kongamano, ambako unaweza kunyoosha mkono ukajibiwa.

Mara ya tatu nilikwenda na karatasi moja. Niliandika humo uzito wa wastani wa kifurushi changu, vipimo vya boksi, idadi ya mizigo inayorudi na sababu zake, na idadi ya mizigo ambayo haikumfikia mteja katika jaribio la kwanza. Siku ya kwanza, kwenye foleni ya chai, nilisimama karibu na mama mmoja anayesimamia ghala la viatu, nikamlalamikia bei ninazotozwa na wasafirishaji wa anga. Hakuniuliza uzito wa mzigo. Aliniuliza vipimo vya boksi. Nilimwambia ni sentimita 40 kwa 30 kwa 30, na bidhaa iliyomo ina wastani wa kilo 2. Akachukua ratiba ya mkutano, akaigeuza nyuma na kupiga hesabu: ujazo ni sentimita za ujazo 36,000, ukigawanya kwa 5,000, kigawanyo kinachotumiwa na wasafirishaji wengi wa kimataifa wa vifurushi, unapata kilo 7.2. Msafirishaji hulinganisha uzito wa mizani na huo uzito wa ujazo, kisha hutoza ulio mkubwa. Kwa maneno mengine, nilikuwa nikilipia zaidi ya kilo 5 za hewa katika kila kifurushi, kwa sababu tu niliwahi kununua maboksi ya saizi moja kwa jumla nikijiona mjanja. Boksi la sentimita 30 kwa 25 kwa 15 lingehesabiwa kilo 2.25. Mazungumzo hayo hayakufika dakika kumi, na hayakuwa katika ratiba yoyote. Lakini nisingekuwa na vipimo vile kichwani, tungeishia kuongelea hali ya hewa.

Kikao kilichonifaa kuliko vyote nilikipata katika kongamano la nne, alasiri ya mwisho, wakati wengi walikuwa wamekwisha kuburuta mabegi yao kuelekea uwanja wa ndege. Tulibaki watu ishirini hivi katika chumba kidogo, na mzungumzaji alikuwa wakala wa forodha asiyekuwa na kitu cha kutuuzia. Alieleza namna milango ya vifurushi vidogo ilivyofungwa: Umoja wa Ulaya uliondoa tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa bidhaa zisizozidi thamani ya euro 22, na Marekani ikasitisha tarehe 29 Agosti 2025 utaratibu ulioruhusu vifurushi visivyozidi dola 800 kuingia bila ushuru. Athari yake kwa muuza duka ni kwamba kifurushi kilichoandikwa "nguo" au "zawadi" hakipiti tena kimyakimya. Kinahitaji maelezo kamili ya bidhaa na namba yake ya forodha, ambayo tarakimu zake 6 za mwanzo ni za mfumo mmoja wa kimataifa, kisha kila nchi huongeza zake.

Halafu akatuuliza swali lililonikosesha usingizi: mnauza kwa DAP au DDP? Hayo ni masharti mawili kati ya 11 ya Incoterms 2020, kanuni za kimataifa zinazogawa gharama na wajibu kati ya muuzaji na mnunuzi. Kwa DAP, muuzaji anaufikisha mzigo mahali palipotajwa, lakini ushuru wa kuingiza ni wa mnunuzi. Kwa DDP, muuzaji analipa ushuru huo mwenyewe. Mimi nilikuwa natuma kwa DAP bila hata kujua, na ukurasa wangu wa malipo haukumwonya mteja. Katika karatasi yangu, sababu kubwa ya mizigo ya nje kurudi niliiandika "mteja amebadili mawazo". Ukweli ni kwamba mteja alifikiwa mlangoni na mtu anayemdai pesa ambazo hakuzitarajia, akakataa kupokea. Niliporudi nikawapigia simu wateja tisa, na saba walinieleza hivyo hivyo.

Kuhusu mabanda, kuwa mwangalifu. Kitambulisho cha shingoni mara nyingi huonyesha kama wewe ni mnunuzi au mwuzaji wa huduma, na ukiwa mnunuzi utafuatwa kama asali. Katika kongamano la pili nilisaini papo hapo mkataba wa programu ya kusimamia ghala kwa sababu punguzo lilikuwa linaisha jioni ile. Miezi minne baadaye programu hiyo ilikuwa bado haijaweza kusoma maagizo kutoka kwenye duka langu, na kujitoa kulinigharimu kuliko punguzo lenyewe. Tangu hapo huwa nauliza nini hutokea katika wiki ya mauzo makubwa, nani hulipa mzigo ukipotea na dai linatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku ngapi, na nikiondoka nitachukuaje kumbukumbu za wateja wangu. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, naomba kwa heshima kuonana na fundi wa kampuni, kama yupo bandani. Huyo ndiye atakayekwambia ukweli, tena bila kusukumwa sana. Kadi za majina zisikusumbue; waandikie watu watatu ndani ya siku mbili, inatosha.

Umesema tiketi inalingana na gharama zako za usafirishaji za mwezi mzima. Kama bado hujaandika mizigo yako inarudi kwa sababu gani, mimi ningeahirisha mwaka huu na kuanza kuandika leo. Kama unazo hizo takwimu, waulize waandaaji kama wanauza tiketi ya siku moja, kisha chagua siku yenye vikao vya forodha na mizigo inayorudishwa, hata kama wageni mashuhuri wanazungumza siku nyingine. Na kabla ya hayo yote, weka hapa vipimo vya boksi lako, uzito wa wastani na nchi unazotuma; hesabu ya uzito wa ujazo naweza kukufanyia bila wewe kusafiri popote.