Pasipoti ya Dominica haikuondolei kodi ya Tanzania

SWALI: Nina nyumba Shangani, Mtwara, shamba la korosho Newala, na duka la jumla Pemba, Msumbiji, ambako hukaa kama siku 150 kwa mwaka. Kuna wakala ananishawishi ninunue uraia wa Dominica, nchi ya kisiwa huko Karibi. Anasema pasipoti yao ina nguvu kuliko yetu, nitabaki na zote mbili, na TRA hawatanidai tena kwa kuwa sitahesabika mkazi. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, hilo la nguvu nalimaliza haraka. Ndiyo, pasipoti ya Dominica inafungua nchi nyingi zaidi bila viza, zikiwemo za Schengen kule Ulaya. Lakini biashara yako iko Pemba, na Msumbiji haimdai Mtanzania viza.

La kodi ndilo linalonichosha, maana nalisikia kila msimu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haiangalii rangi ya pasipoti. Ukiwa na makazi ya kudumu Tanzania na ukakanyaga hapa hata siku moja katika mwaka, wewe ni mkazi. Usipokuwa na nyumba, zinahesabiwa siku: 183 ndani ya mwaka mmoja, au wastani unaozidi 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Wewe nyumba ya Shangani peke yake inatosha, na hata tukiiweka kando, toa 150 kwenye 365 uone zinazobaki. Mkazi hutozwa kwa mapato yake ya popote, duka la Pemba likiwemo. Dominica imeingia wapi kwenye hesabu hiyo? Marekani ndiyo inayomfuata raia wake kwa kodi popote alipo, na watu wameichukua habari hiyo wakaileta huku kichwa chini miguu juu.

Nafuu yako iko kwingine: kodi uliyolipa Msumbiji kwa mapato yale yale unaweza kuomba ipunguzwe kwenye ya hapa, mradi una ushahidi. Tunza risiti zote, na pasipoti yenye mihuri ya mpakani Kilambo usiitupe hata ikiisha muda.

Sasa hizo pasipoti mbili. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa katiba ya 2010. Sisi hatujaruhusu. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima anayechukua uraia mwingine kwa hiari yake anaupoteza wa Tanzania. Na asiye raia, kwa kawaida, hapewi ardhi hapa isipokuwa kwa uwekezaji. Fikiria mikorosho yako ya Newala kabla ya kufikiria Ulaya.

Nawaambia na wengine wa Mtwara na Lindi, hasa minada ya korosho inapofunguliwa na fedha zikaanza kuingia kwenye akaunti: vishoka hawa wanajua mna hela, na hawatakuwepo siku mtakapoitwa uhamiaji. Uraia wa Dominica kihalali hauanzi chini ya dola 200,000 za Marekani. Anayekutajia nusu ya hiyo anakuibia, na anayekwambia "weka kimya tu, hakuna atakayejua" anakufundisha kutoa maelezo ya uongo serikalini, kosa ambalo utashitakiwa wewe, si yeye. Kama umeshampa pasipoti yako "aishughulikie", kaichukue leo.